Robe imefika, vipimo si vile: namna ya kumaliza matata ya nguo iliyoagizwa kwa simu

Siku hizi Uvira mtu haendi tena lazima mpaka Bujumbura kutafuta nguo. Anaona picha kwenye WhatsApp ao Facebook, anatuma vipimo, anatuma makuta kwa simu, halafu anangoja mzigo. Mambo yanakuwa magumu pale kitu kilichorekebishwa kwa ajili ya mtu mmoja kinafika kikiwa si kile alichoomba. Hakirudi dukani kwa urahisi, na hakuna mwingine wa kukinunua. Nani abebe hasara? Na mnunuzi afanye nini ili makuta yasipotee na ujirani usiharibike?

WAMAMA KUMI NA ROBE KUMI

Chukua mfano wa wamama kumi wa kikundi kimoja cha AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo viko karibu kila kartie, toka Kavimvira mpaka Kalundu. Mwezi wa pili wanakubaliana kuvaa kikwembe cha namna moja siku ya 8 Machi. Kwenye simu wanaona picha ya robe ndefu za kitenge zinazouzwa na mama mmoja wa Bujumbura. Muuzaji anawaambia robe ziko tayari, ila kila moja atairekebisha kulingana na mwili wa mwenyewe: kupunguza kiuno, kupanua kifua, kubadilisha mikono. Bei ni dola 25 kwa robe moja, kazi ya kurekebisha ikiwa ndani. Jumla ni dola 250. Wanatuma avansi ya dola 150 kutoka kwenye sanduku la kikundi. Dola 100 zinazobaki watalipa mzigo ukifika.

Mzigo unafika tarehe 5 Machi. Robe sita ziko sawa. Tatu zinabana kifuani, hata zipu haipandi. Moja ina mikono mifupi, na mwenyewe aliomba mikono mirefu. Simu zinaanza kulia. Wamama wanasema: "Uturudishie makuta yetu yote, hatutaki tena." Muuzaji naye anajibu: "Vipimo ni vile mulinitumia. Robe nimeshazikata kwa miili yenu, sasa nitazipeleka kwa nani?"

Mfano huu ni wa kuelezea tu, lakini wakaaji wengi wataona unafanana na mambo wanayoyajua. Na si jambo dogo. Makuta hayo si ya mtu mmoja: ni ya sanduku, na kuna mama anayengoja zamu yake ya kukopa ili alipe masomo ya watoto ao anunue ndagala za kuuza sokoni Mulongwe. Upande wa muuzaji, zile dola 100 zinazobaki ndizo mshahara wa fundi wake na faida yake yote. Wakigombana vibaya, kila mmoja atapoteza.

KWA NINI KITU KILICHOREKEBISHWA NI TOFAUTI

Mtu akiagiza radio ao ndoo, na akabadilisha mawazo kabla ya kuitumia, muuzaji anaweza kuirudisha kwenye etajeri na kuuzia mwingine. Hasara yake ni nauli tu. Lakini robe iliyokatwa kwa kiuno cha mama fulani, mlango wa chuma uliochomewa kwa kipimo cha nyumba fulani, nyavu iliyounganishwa kwa urefu aliotaja mvuvi wa Makobola, ao miwani iliyowekewa vioo vya macho ya mtu mmoja, hivyo vyote vina mwenyewe mmoja. Ndiyo maana mafundi wanaomba avansi, na ndiyo maana hawapendi kusikia neno "rudisha".

Hata nchi zenye sheria kali za kumlinda mnunuzi zinaona tofauti hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2014, mtu anayenunua kwa intaneti ana siku 14 za kubadilisha mawazo na kurudisha kitu bila kutoa sababu. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa maagizo ya mnunuzi kimeondolewa katika haki hiyo. Hapo kuna jambo la kushika vizuri: kilichoondolewa ni haki ya kubadilisha mawazo peke yake. Kama kitu kimefika kikiwa tofauti na maagizo, muuzaji bado anajibu.

Kwa hiyo mambo mawili yasichanganywe. Mama anayesema "Nimeiona, sasa sitaki tena rangi hii" hana haki sawa na mama anayesema "Niliandika mikono mirefu, umeniletea mifupi". Wa kwanza anaomba huruma. Wa pili anadai kile kilichoahidiwa. Muuzaji anayejibu wote wawili kwa "nguo iliyorekebishwa hairudi" anamkosea yule wa pili.

KOSA LILIZALIWA WAPI?

Kabla ya kusema "huyu ni mwizi", ni vizuri kutafuta mahali kosa lilipoanzia. Mara nyingi ni mahali pamoja kati ya matatu: kwenye maagizo, kwenye kazi ya fundi, ao njiani.

Kwenye maagizo, kosa kubwa ni namba zisizo na maelezo. Metre ya fundi ina pande mbili, upande mmoja sentimita, upande mwingine inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Fundi wa Uvira amezoea sentimita. Fundi wengi wa upande wa Tanzania wanapima kwa inchi. Mtu akiandika "kifua 38" bila kuongeza neno, kwa fundi wa inchi hiyo ni kama sentimita 96 na nusu. Mwenye kuandika "urefu wa mkono 24" akiwaza inchi, fundi wa sentimita akasoma sentimita, mkono utaishia juu ya kiwiko.

Kuna kosa lingine lisiloonekana haraka: kipimo cha mwili na kipimo cha nguo si kitu kimoja. Kitenge cha pamba hakivutiki. Mama mwenye kifua cha sentimita 96 anahitaji robe yenye sentimita kadhaa zaidi, mara nyingi 4 mpaka 6, ili apumue na ainue mikono. Fundi akishona 96 sawasawa, metre itasema amefanya vema, lakini zipu haitapanda.

Hata maneno yenyewe yanaweza kupotosha. Katika Kiswahili cha Bukavu na sehemu nyingi za Kivu, mtu akisema "niliuza" anaweza kumaanisha alinunua, na anayeuza anasema "naliuzisha". Mfanyabiashara wa Kigoma akisoma ujumbe huo atauelewa kinyume. Vivyo hivyo "mikono ya katikati" kwa mmoja ni mpaka kwenye kiwiko, kwa mwingine ni chini kidogo ya kiwiko. Picha yenye alama ya kidole inasema wazi kuliko maneno.

Kosa la pili, lile la kazi, ni jepesi kulijua: maagizo yako wazi, kitu ni tofauti. La tatu ni la njia. Mzigo umeloana ndani ya pirogi kuelekea Baraka, umechanika kwenye moto, ao umebadilishwa na wa mtu mwingine pale Kavimvira. Hapo swali ni moja: nani alimchagua na kumlipa mwenye kusafirisha? Kama muuzaji ndiye aliyesema "nitakufikishia mpaka Uvira", njia iko juu yake. Kama mnunuzi alituma kijana wake achukue mzigo Bujumbura, mambo yanabadilika mara tu kijana anapoupokea. Kwa hiyo kijana huyo afungue mzigo na kutazama kabla ya kusema "asante".

Turudi kwa wamama kumi. Robe yenye mikono mifupi haina mjadala: ujumbe wa tarehe 14 Februari unasema "mikono mirefu". Kosa ni la muuzaji. Zile tatu zinazobana, ujumbe unasema tu "kifua 96". Wamama walipima mwili. Fundi alishona nguo ya 96. Wamama hawakueleza, na fundi, ambaye ndiye anayejua kazi, hakuuliza. Hapo kosa ni la pande mbili, na hasara inaweza kugawanywa.

SIKU YA KWANZA NDIYO INAYOAMUA

Wengi wanapoteza haki yao ndani ya masaa machache ya kwanza kwa sababu ya hasira ao haraka. Mambo haya yanasaidia.

Kwanza, kitu kisitumiwe. Robe isivaliwe kwenye misa ya Jumapili, isifuliwe, isipigwe pasi. Kubwa zaidi, isipelekwe kwa fundi mwingine "airekebishe kidogo" kabla muuzaji hajajua. Mkasi wa fundi wa pili ukishapita, hakuna atakayejua kosa lilikuwa la nani, na muuzaji atasema robe ilitoka kwake ikiwa nzima.

Pili, picha zipigwe. Picha ya mzigo mzima, picha ya kosa kwa karibu, na picha ya metre ikiwa imelazwa juu ya nguo, namba zikionekana. Picha ya mtu amevaa nguo inayobana haionyeshi kipimo, na inaweza kumletea aibu ikisambaa.

Tatu, mazungumzo yahifadhiwe. WhatsApp ina namna ya kuweka ujumbe ujifute wenyewe baada ya muda, na mtu aliyetuma ujumbe anaweza kuufuta kwa wote. Kwa hiyo mnunuzi apige kapture ya maagizo, ya vipimo, ya bei na ya ahadi ya tarehe, azitume kwenye simu ya mtu mwingine wa kikundi. Sauti zilizotumwa zihifadhiwe pia. Ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money unaothibitisha kutuma makuta usifutwe: una namba ya muamala, tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Kwa sababu akonti za simu Congo zinaweza kuwa za dola ao za franka, ujumbe huo unamaliza pia ubishi wa "ulinitumia franka, siyo dola". Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya leo daftari la wengi ni simu.

Nne, malalamiko yaandikwe, yasiishie kwenye kupiga simu. Ujumbe mzuri ni mfupi, una namba na hauna matusi. Kwa mfano:

"Bonjour mama. Mzigo wa robe 10 umetufikia leo tarehe 5/3, saa nane ya muchana. Robe 6 ziko muzuri, tunashukuru. Robe namba 2, 5 na 9 zinabana kifua: tulituma kifua 96 cha mwili, na robe yenyewe iko na 96, haina nafasi. Robe namba 7 iko na mikono mifupi, na tarehe 14/2 tuliandika mirefu. Picha njo hizi. Hatujavaa, hatujafua, hatujapeleka kwa fundi mwingine. Tunaomba utuambie mbele ya kesho saa sita namna tutatengeneza, juu siku ya 8 iko karibu."

Ujumbe huo unafanya kazi tatu. Unakubali kile kilicho sawa, na hiyo inamtuliza muuzaji. Unaonyesha kosa kwa namba. Na unaweka muda.

Jambo moja la kuepuka: kutupa picha ya muuzaji kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "mwizi huyu, mumuogope". Sheria ya jinai ya Congo, kifungu cha 74, inaadhibu kumsingizia mtu mbele ya watu jambo linaloharibu heshima yake. Mwenye kudai robe moja anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshtakiwa.

NJIA NNE ZA KUTENGENEZA

Watu wengi wanajua jibu moja tu: "Nirudishie makuta." Kumbe njia ziko nne, na ya kurudisha makuta mara nyingi inafaa iwe ya mwisho.

Ya kwanza ni kurekebisha tena. Robe inayobana igeuzwe ndani nje, mshono wa ubavuni utazamwe. Fundi mwangalifu anaacha kitenge cha ziada ndani. Akifungua sentimita moja tu kila upande wa mshono, kwa mbavu mbili, robe inapanuka sentimita 4. Lakini kama fundi alikata karibu kabisa na uzi, hakuna cha kufungua, na njia hii imefungwa. Kufupisha kunawezekana karibu siku zote. Kurefusha kunategemea kilichobaki.

Ya pili ni kutengeneza kingine. Inafaa kama muda upo na kitenge cha namna ileile bado kinapatikana. Hapa wakubaliane kwanza kile kibaya kinarudi ao kinabaki, na nani analipa nauli. Kosa likiwa la muuzaji, nauli ya kwenda na kurudi ni yake.

Ya tatu ni kupunguza bei. Mnunuzi anabaki na kitu kilivyo, anakatiwa sehemu ya bei. Kwa nguo ya sikukuu iliyo karibu, mara nyingi ndiyo njia inayomwachia kila mtu kitu mkononi.

Ya nne ni kurudisha makuta na kurudisha kitu. Ni haki pale kitu hakiwezi kutumika kabisa, ao kimefika baada ya siku iliyokuwa sababu ya kukinunua. Kama wamama waliandika wazi kwamba robe ni za 8 Machi, na mzigo ukafika tarehe 10, hata mshono mzuri hausaidii kitu. Ndiyo maana tarehe na sababu ya tarehe viandikwe ndani ya maagizo.

Kwa wamama kumi, hesabu inaweza kwenda hivi. Fundi wa hapa Uvira, kwa ruhusa ya muuzaji iliyoandikwa kwenye simu, anapanua robe tatu kwa dola 4 kila moja: dola 12. Kwa kuwa kosa lilikuwa la wote, muuzaji anabeba 6 na kikundi 6. Mwenye robe ya mikono mifupi anakubali kubaki nayo kwa kukatiwa dola 8. Kwa hiyo kwenye dola 100 zilizobaki zinatoka 14, muuzaji anatumiwa 86. Kikundi hakikupoteza avansi, muuzaji hakubaki na robe zisizo na mnunuzi, na tarehe 8 wote kumi wanavaa.

Lakini hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu moja: dola 100 zilikuwa bado mikononi mwa wamama. Kama wangelipa zote 250 mbele, wangekuwa wanaomba. Sasa walikuwa wanazungumza.

WAKISHINDWA KUELEWANA

Kama muuzaji hajibu, ao amekataa kila kitu, hatua inayofuata ni kutafuta mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Kwa muuzaji wa sokoni, kuna kamati ya soko. Kuna mwenye kusafirisha mizigo, ambaye anawajua wote wawili na hapendi jina lake liharibike. Kuna shefu wa avenyu ao wa kartie, kuna wakubwa wa kanisa ao wa msikiti. Kazi yao si kuhukumu. Ni kuketisha watu na kutazama picha na ujumbe. Wakielewana, mapatano yaandikwe: nani atafanya nini, kiasi gani, tarehe gani, na sahihi za pande zote na mashahidi. Mapatano ya mdomo ndiyo yanayozaa matata ya pili.

Wengi wanakimbilia polisi: "Nitamufungisha." Hapo watu wanatakiwa kuelewa tofauti. Mtu kushindwa kutimiza mapatano ni jambo la madai, siyo la jela. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao Congo iliuingia tangu 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano. Na Katiba yetu inasema mtu hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya masaa 48 kabla ya kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria ao kuachiliwa. Fundi aliyekosea mikono ya robe hakufanya jinai. Kumfungisha kunaongeza makuta ya njiani pande zote mbili, na robe inabaki vilevile.

Ni tofauti kama muuzaji hakuwa na robe yoyote tangu mwanzo: ametumia picha za watu wengine, jina la uongo, amepokea makuta na kuzima simu. Huo ni utapeli, na kifungu cha 98 cha sheria ya jinai kinauadhibu kwa kifungo cha kuanzia miezi mitatu mpaka miaka mitano na faini. Hapo kwenda polisi ao parke ni sawa, na upesi, mtu akiwa na namba ya simu na namba ya muamala.

Kwa madai ya kawaida, kuna tribinali ya amani ya Uvira. Sheria inayotumika ni ya zamani sana: dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mapatano, ambayo bado ni msingi wa sheria ya madai Congo. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kwa maneno mepesi: maneno "mikono mirefu" yakishakubaliwa na wote wawili, ni sheria kati yao. Kifungu cha 82 kinaruhusu upande uliokosewa kuomba mapatano yavunjwe pale mwingine hakutimiza sehemu yake, pamoja na malipo ya hasara.

Na je, tribinali itakubali ujumbe wa simu? Tangu tarehe 13 Machi 2023 Congo ina sheria yake ya mambo ya kidijitali, ile inayoitwa Code du numérique. Inatambua maandishi ya elektroniki kama ushahidi, mradi ijulikane nani aliyeyaandika na yawe yamehifadhiwa bila kubadilishwa. Ndiyo sababu kapture peke yake haitoshi: simu yenyewe, yenye mazungumzo mazima, itunzwe. Mazungumzo yaliyokatwakatwa yanaleta mashaka.

Hata hivyo, kwa robe moja ya dola 25, nauli na karatasi za tribinali zinaweza kupita bei ya nguo. Tribinali inafaa kwa mzigo mkubwa: sare za shule nzima, mavazi ya korali, milango ya jengo. Kwa vitu vidogo, mapatano ya karibu ndiyo yenye faida.

MUUZAJI AKIWA NG'AMBO YA MPAKA

Bujumbura ni karibu kilomita 30 tu toka Uvira, lakini kisheria ni nchi nyingine. Tribinali ya Uvira ikitoa hukumu juu ya mtu anayeishi Burundi, kuitimiza kule kunaomba hatua nyingine. Kuna pia ushuru: robe inayorudi Gatumba na kupita tena Kavimvira inaweza kuombewa makuta mara ya pili. Na mpaka wenyewe unaweza kufungwa, kama ilivyotokea 2020 wakati wa Corona. Kwa muuzaji wa Kigoma ziwa linaongeza siku, na kwa wa Dubai ao China kurudisha nguo moja ni karibu kama haiwezekani.

Kwa hiyo kadiri muuzaji alivyo mbali, ndivyo mnunuzi apunguze kazi ya kurekebisha kule. Mara nyingi ni salama zaidi kununua kitu kikiwa hakijakatwa, kikubwa kidogo, halafu kirekebishwe na fundi wa hapa Uvira, mtu ambaye nyumba yake inajulikana. Bei inaweza kupanda dola mbili tatu. Ni bima ya bei ndogo.

KABLA YA KUTUMA MAKUTA

Matata mengi yanazuiliwa na ujumbe mmoja, unaotumwa kabla ya avansi, na kujibiwa na muuzaji kwa neno "nakubali". Ndani yake kuwe na:

- kitu chenyewe, idadi na picha iliyochaguliwa;
- kila kipimo, kikiandikwa ni sentimita ao inchi, na kama ni cha mwili ao cha nguo;
- kila badiliko linaloombwa: mikono, shingo, urefu, zipu nyuma ao ubavuni;
- bei yote, kama ni dola, franka za Congo ao faranga za Burundi, avansi ngapi na kinachobaki ngapi;
- tarehe ya kufika, na sababu yake kama kuna sikukuu;
- nani anasafirisha na nani analipa nauli;
- kosa likitokea, litarekebishwa namna gani na ndani ya siku ngapi.

Mnunuzi wa vitu vingi aombe kwanza kimoja kishonwe, apelekewe picha na metre juu yake, ndipo vingine vikatwe. Wamama kumi wangeomba robe ya kwanza tu, ile shida ya kifua ingeonekana kwenye robe moja badala ya tatu.

Muuzaji naye ana ya kufanya. Akipokea namba zisizo na maelezo, aulize. Swali moja ni rahisi kuliko robe moja. Kabla ya kukata, awarudishie wateja maagizo yote na kuomba wathibitishe. Aache kitenge cha kutosha ndani ya mshono. Na asitume mzigo bila kupima mwenyewe. Anajilinda hivyo pia dhidi ya mteja anayebadilisha mawazo halafu anatafuta kosa, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha utamtetea.

Na mzigo ukifika, ufunguliwe mbele ya aliyeuleta, upimwe hapohapo. Kinachobaki kilipwe metre ikishapita juu ya kila robe.